Koti Lililorudi na Mwenyewe

Wiki jana tulimwacha Jentrix Nalianya amesimama kando ya reli pale Laini Saba, sufuria ya uji mkononi, mdomo wazi. Kama hukupata gazeti hiyo ni shauri yako na mwenye duka lako, lakini sitakuacha nje. Koti namba kumi na saba, lile lililopotea kwenye Jumba la Mavazi ya Kale tangu Ijumaa, lilikuwa linapita mbele ya kibanda cha shangazi yake.

Halikuwa ndani ya mfuko. Halikuwa mkononi mwa mwizi. Lilikuwa linatembea, na ndani yake kulikuwa na mzee.

"Senge, shika hii!"

"Nishike na nini? Mikono yangu iko kwa unga!" Senge Sella, shangazi yake, alijibu.

Sufuria ikaenda chini. Uji ukaenda kivyake. Jentrix alikuwa ameshafika relini.

Sasa, kwa nini msichana mwenye akili zake akimbize koti kuukuu? Nitakwambia haraka haraka. Jentrix ni mwanafunzi wa chuo, anasomea mambo ya nguo. Chuo kilimtuma miezi mitatu kwenye Jumba la Mavazi ajifunze kazi, wenyewe wanaita atachimenti. Hiyo ni kazi inayofanywa na watoto wa watu ili wakubwa wapate nafasi ya kunywa chai. Mwishoni Mkurugenzi anatia saini kwenye fomu. Bila saini, hakuna cheti. Mwisho wa kurudisha fomu chuoni ni leo, Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Na leo hiyo hiyo, saa nane, Waziri Mdogo anakuja kufungua maonyesho, na koti namba kumi na saba ndilo lililowekewa jukwaa la katikati.

Na aliyetia saini daftarini Ijumaa kuchukua ufunguo wa kabati ni nani? Jentrix. Basi umeelewa.

"Mzee! Wewe mzee wa koti! Simama!"

Mzee hakusimama. Alikuwa anakanyaga mataruma mojamoja kama bwana harusi, kifua mbele, ile mikia miwili ya koti ikimchapa nyuma ya magoti. Jentrix akaruka, akashika mkia mmoja.

"Niachie!"

"Vua!"

"Nivue? Hapa? Msichana, uko na wazimu?"

Laini Saba watu hawaitwi mara mbili. Kabla hujahesabu tano walikuwa wamejaa.

"Anamvua mzee nguo!" mama wa makaa alipiga kelele. "Mchana kweupe!"

"Mwizi!"

Jamaa mmoja alikuwa ameshaokota kokoto la reli, anapima uzito wake. Hapo ndipo umati ulipasuka katikati na Senge Sella akatokea, unga hadi kwenye viwiko, mwiko juu.

"Huyo ni mtoto wa kaka yangu! Atakayemgusa atakula mwiko huu bila ugali!"

Jamaa akaweka kokoto chini polepole, kama yai.

Jentrix hakungoja. Alikunjua kola ya koti. Ndani kulikuwa na utepe mweupe, mdogo kama ukucha, na juu yake namba: 17.

"Ona! Hii namba nimeishona mimi kwa mkono wangu. Hili koti ni la Jumba la Mavazi!"

Watu wakasogea, wakasoma, wakatazamana.

"Kwani siku hizi wazee wanapigwa namba?" mmoja aliuliza.

"Walianza na nyumba zetu," mwingine akajibu. "Wakikupiga namba, ujue wiki ijayo ni tingatinga."

Mzee alisikia hayo akashtuka, akajipapasa shingoni. Halafu akanyoosha kidole upande wa pili wa reli, kwenye kibanda chenye viatu vimening'inia kama samaki.

"Twende kwa Shiundu," alisema. "Mambo ya koti hili Shiundu anayajua yote."

Shiundu ni fundi wa viatu, Mluhya wa miaka mingi mjini, anayezungumza na misumari mdomoni na hajawahi kumeza hata mmoja. Alipomwona mzee mlangoni aliitema yote kwenye kiganja.

"Ndungu! Umefufuka!"

"Sikufa. Nilikuwa Kabiro, kule Kawangware."

Walikuwa hawajamaliza kucheka wakati mlango uliingiliwa na msichana mwingine, anahema, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Guka! Babu! Si nilikwambia ungoje nikuje! Nimekufuata kutoka Kawangware mbio..."

Alimwona Jentrix. Kiatu kikamponyoka.

Na Jentrix akamwona yeye. Msomaji, huyu alikuwa Waruguru! Mwanafunzi mwenzake wa atachimenti! Waruguru aliyekaa naye siku tatu wakipekua chini ya makabati, Waruguru aliyempa leso ya kufutia machozi jana tu!

"Ni wewe?" Jentrix aliuliza.

"Jentrix, wacha nikueleze."

"Ni wewe ulibeba koti, ukanisaidia kulitafuta?"

"Nilikuwa nalirudisha! Nilikosa nafasi tu. Guka alikataa kulivua!"

Nikupe kisa kwa ufupi. Pale Jumbani mtunza nguo anaitwa Mutheu, mama wa Kikamba aliyenyooka kama rula. Sheria zake ni chache lakini ni za moto. Hushiki nguo bila glavu nyeupe. Hufui. Hupigi pasi. Na kubwa kuliko zote: kilichokatika kibaki kimekatika. Nguo iliyoingia na tundu itakaa na tundu lake hadi kiama. Kazi yetu ni kutunza, Mutheu husema, kurekebisha ni uongo.

Lakini Waruguru amelelewa na mama fundi cherehani. Koti lile lilikuwa na vifungo vitano vya shaba vyenye kichwa cha simba, na nafasi ya sita ilikuwa tupu, uzi unaning'inia. Kila alipopita alisikia aibu, kama ni yeye ametoka nyumbani hivyo. Waziri anakuja, koti halina kifungo! Tena nyumbani kwao Kabiro, kwenye kopo la vifungo la marehemu nyanya yake, kulikuwa na kimoja kama hivyo hivyo. Kichwa cha simba. Ijumaa hiyo Jentrix alipofungua kabati na kwenda kunawa mikono, Waruguru akalikunja koti, akalitia kwenye kikapu, akaenda nalo nyumbani akalishone Jumamosi, alirudishe Jumatatu asubuhi kabla mtu hajajua.

"Nikaweka kifungo," Waruguru alisema. "Kikaingia sawasawa. Nikalitundika mlangoni. Guka akatoka kuota jua, akaliona. Akalia."

"Sikulia," mzee alisema.

"Ulilia, Guka. Halafu ukalivaa, na tangu Jumamosi umekula nalo, umelala nalo, hata kanisani umeenda nalo."

"Kanisani nilitakiwa kwenda na nini? Na blanketi?"

Jentrix alikuwa hasikii tena. "Kwa nini hukuniambia, Waruguru? Siku tatu nzima?"

"Niliogopa. Na mimi niko na fomu."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Wakubwa wanawafunga watoto wawili kamba moja halafu wanashangaa wakivutana.

Mzee Ndungu alikaa kwenye kigoda cha wateja, akaiweka mikia ya koti vizuri isikunjike.

"Hili koti ni langu," alisema. "Nilioa nalo mwaka wa thelathini na nane. Muulize huyu. Ndiye alikuwa msimamizi wangu."

"Kweli kabisa," Shiundu alisema. "Tulikuwa kwa Mzungu mmoja huko Karen. Mimi mpishi, huyu boi wa mezani. Mzungu akanona, koti likakataa kumfunga, akampa Ndungu. Mimi akanipa soksi."

"Hiyo hadithi mtu yeyote anaweza kutunga," Jentrix alisema. Alikuwa anaitazama saa ya ukutani ya Shiundu, nayo ilikuwa inasema saa nne.

Mzee akamwangalia. "Ndani ya kwapa la kushoto kuna kiraka. Kitambaa cha mfuko wa unga. Ukichungulia sana utaona wino mwekundu kidogo. Na mishono imelala upande mmoja, maana aliyeshona alitumia mkono wa kushoto."

Jentrix aliiacha saa, akamgeukia. Kiraka kile hakionekani ukipita. Yeye mwenyewe alikipata mwezi wake wa pili Jumbani, na glavu, na kioo cha kukuza, akaandika kwenye kadi kwa mkono wake: Kiraka, kwapa la kushoto. Fundi hajulikani. Huenda alitumia mkono wa kushoto.

"Tuliandika hajulikani," alisema kwa sauti ndogo.

"Nani hajulikani?"

"Aliyeshona."

"Anaitwa Wakarima," mzee alisema. "Alinishonea asubuhi ya ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza, mimi nikiwa nimelivaa, na kila nikitikisika ananichoma sindano halafu anasema samahani, na si samahani hata kidogo."

"Wakarima hakuwa na samahani," Shiundu alikubali.

"Mwaka wa sitini na tisa walikuja watu wa ofisi na gari. Wanataka vitu vya zamani vya kuonyesha wageni. Siku mbili tu, Mzee. Nikawapa. Kifungo kimoja kilikuwa kimekatika, Wakarima akakiweka kwenye kopo, akasema watakaporudisha atakishona." Mzee alipangusa kichwa cha simba kwa kidole gumba. "Wiki hiyo hiyo akashikwa na homa. Siku ya kumzika nilitaka kulivaa. Zile siku mbili zao zilikuwa hazijaisha."

Nje, treni ya mizigo ilikuwa inapita.

"Basi ni miaka kumi na mbili," Senge Sella, aliyekuwa amewafuata, alisema mlangoni, unga umemkauka mikononi. "Jentrix, hilo koti si lako. Achana nalo."

"Senge, nikiachana nalo nimeachana na cheti!"

"Ndiyo najua."

"Nitarudi hapa nikoroge uji hadi nizeeke!"

"Uji wenyewe umeumwaga," Senge alisema.

Jentrix alipiga magoti mbele ya mzee, kwenye vipande vya ngozi na gundi. "Guka. Nisaidie leo tu. Likae pale hadi Waziri aende. Na nitaandika kibao kipya mimi mwenyewe, niweke jina lako na la Wakarima, watu wote wasome."

Mzee alifikiri. Macho yake yalikuwa yanapenda neno hilo, Wakarima, kwenye kibao. Lakini kichwa chake kilikuwa kinatikisika.

"Wale walioniahidi siku mbili walikuwa na gari, na kofia, na kalamu mfukoni. Wewe uko na nini?"

"Sina kitu."

"Afadhali," alisema, akasimama. "Koti litaenda. Na mimi nitakuwa ndani."

Walikwenda kwa miguu, wakifuata reli hadi mjini, mzee mbele anasalimia kila mtu kana kwamba ni yeye anayekwenda kufungua maonyesho. Saa sita na nusu walikuwa mlango wa nyuma wa Jumba. Mutheu alikuwa hapo, daftari kifuani.

"Koti liko wapi?"

"Liko hapa, Madam," Jentrix alisema.

"Mimi naona mzee."

"Liko juu ya mzee."

Mutheu alivaa glavu, kidole kimoja kimoja. "Mzee, vua."

"Sivui."

"Jasho liko na chumvi. Chumvi inakula uzi."

"Nilitoa jasho humu ndani kabla hujazaliwa, na uzi ungalipo."

Mutheu akainama akaukagua uzi. Kisha akaona kifungo cha sita. "Nani ameweka hiki?"

Waruguru alitazama dari. Mutheu alimtazama Waruguru. Hatujawahi kuona mtu akichomwa kwa macho hadi siku ile.

Lakini Mutheu naye alikuwa na lake. Wiki nzima alikuwa amemwambia Mkurugenzi kwamba koti limetolewa kuanikwa. Likikosekana, wa kwanza kutupwa nje ni yeye, na ana miaka kumi na minane kazini. Huko juu kosa halipandi ngazi, linashuka tu.

"Lisipokuwa jukwaani saa nane sote tumekwisha," alisema. Akamzunguka mzee mara mbili, akamwangalia urefu, akamwangalia mabega. "Mzee, unaweza kusimama bila kutikisika?"

"Nilisimama nyuma ya kiti cha Mzungu miaka tisa. Hata nzi wakitua puani."

"Waruguru, ondoa sanamu ya katikati. Ipeleke chooni."

Masanamu ya Jumba yale, wasomaji wangu, yalinunuliwa kutoka duka la Mzungu mmoja aliyefunga akaenda kwao. Yote kumi yana ngozi ya waridi na macho ya buluu. Yamevishwa ngozi za mbuzi, shanga, na mashuka ya wazee wetu, yanatabasamu kama yako kwenye sherehe ya Krismasi. Katikati yao sasa alipanda Mzee Ndungu wa Kabiro, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeinuliwa kidogo kama wa kupokea sahani.

Jentrix, naye sasa akiwa amevaa glavu, alitoa ndani ya glavu kibao kipya cha karatasi alichoandika kwa wino dakika chache kabla, akainama kukibadilisha.

"Unafanya nini hapo?"

Mkurugenzi! Tai nyekundu, viatu vinalia, na chini ya kwapa faili lenye fomu mbili. Jentrix alirudisha kibao glavuni haraka.

"Nilikuwa napangusa vumbi, bwana."

"Vibao vimepitishwa na kamati. Usiguse." Akainua macho. Akamwona mzee. "Na hii sanamu mpya? Imetoka wapi?"

"Kawangware, bwana," Mutheu alisema.

"Kazi safi. Mafundi wa jua kali wameendelea." Mkurugenzi alimgonga mzee shavuni kwa kidole. "Hata ngozi ni laini. Lakini macho wameyafanya mekundu sana. Mtawaambia."

"Tutawaambia, bwana."

"Nikimaliza na Mheshimiwa, nitasaini fomu zenu. Kila kitu kiende sawa." Akaenda zake, viatu vinalia.

Mzee Ndungu hakutikisa hata kope. Ila alikuwa ameteremsha macho yake kwenye kibao cha zamani kilichokuwa miguuni pake. Hajasoma sana, lakini jina lake analijua likiandikwa, na pale halikuwapo. Halafu macho yale yakahamia kwa Jentrix, yakakaa hapo.

"Nitabadilisha, Guka," alinong'ona. "Akishasaini tu. Naapa."

Saa nane ikafika. Waziri Mdogo hakufika. Saa nane na nusu. Saa tisa. Hao watu saa zao zinatengenezwa wapi? Wageni walikunywa soda zikaisha. Waandishi wawili wa magazeti walilala kwenye viti na kamera mapajani. Mzee alikuwa amesimama. Nzi alitua kwenye pua yake, akatembea, akaenda jichoni, akarudi puani. Mzee alikuwa amesimama. Waruguru alikuwa analia machozi ya kweli nyuma ya kabati.

Saa tisa na dakika hamsini, king'ora. Milango ikafunguliwa, Mheshimiwa akaingia na tumbo lake mbele na watu wake nyuma, akakata utepe, akapigiwa makofi, akatangulizwa moja kwa moja jukwaa la katikati.

"Hili ndilo fahari yetu, Mheshimiwa," Mkurugenzi alisema. "Koti la harusi la mwaka thelathini hivi."

Waziri Mdogo aliinama akasoma kwa sauti. "Mwenyewe hajulikani. Kwa nini hajulikani?"

"Alikufa zamani sana, Mheshimiwa. Wala hakuacha mtu."

"Nani amekufa?" sanamu ikauliza.

Mheshimiwa aliruka nyuma akamkanyaga askari wake. Mama mmoja wa kamati alianguka kwenye mapaja ya sanamu ya waridi. Waandishi wakaamka wote wawili na kamera zikaanza kumeta kabla hawajajua wanapiga nini.

"Mimi ni Ndungu," mzee alisema kutoka juu, na sasa ndipo alijikuna pua kwa raha zake zote. "Naishi Kabiro. Sijafa. Nimeacha watoto sita, na mmoja wa wajukuu ndiye huyo analia nyuma ya kabati."

"Nani ameweka huyu mtu hapa?" Mkurugenzi alifoka. Tai ilikuwa imepanda hadi sikioni.

Waruguru alikuwa bado anafuta machozi. Mutheu alikuwa anatazama glavu zake. Fomu zilikuwa pale pale, mkononi mwa Mkurugenzi, wazi, kalamu juu yake. Jentrix angeweza kunyamaza. Wangapi tunaowajua wamepanda vyeo kwa kunyamaza tu?

"Ni mimi, bwana," alisema. Akachomoa kibao glavuni, akang'oa kile cha kamati, akabandika chake.

Mheshimiwa, ambaye sasa ameona kamera, alishusha mkono kutoka moyoni na kuvaa tabasamu. Akasoma. "Koti la harusi la Ndungu wa Kabiro. Kiraka kimeshonwa na mkewe, Wakarima. Lilichukuliwa mwaka 1969 kwa siku mbili." Akageuka kwa waandishi. "Serikali yetu ni ya kusikiza wananchi. Mzee, unataka nini?"

"Koti langu."

"Mpeni koti lake! Aende nalo nyumbani!"

Makofi! Kamera! Mzee alishuka jukwaani kwa heshima, akaelekea mlangoni. Na Mkurugenzi, akipiga makofi pamoja na wengine, akainamisha mdomo kwenye sikio la Jentrix.

"Koti liko kwenye daftari kwa saini yako," alisema. "Likivuka mlango huo, umepoteza mali ya Jumba. Fomu yako itabaki hivi ilivyo. Nyeupe."

Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo kuzuia watu wa nje, na anayesimamia komeo siku hiyo alikuwa mwanafunzi wa atachimenti.

"Nifungulie, msichana," mzee alisema.

Jentrix aliangalia fomu. Akaangalia ile mikia miwili ya koti, na kifungo cha sita. Akavuta komeo.

Jua la jioni likaingia. Lakini mzee hakutoka.

"Hiyo karatasi ameshika," aliuliza. "Inataka saini ya nani?"

"Ya anayesimamia nguo nilizofanyia kazi, Guka."

"Na hii uliifanyia kazi?"

"Wiki tano."

"Basi ya hii nitasaini mimi. Mwenye koti si ni mimi? Mheshimiwa amesema. Lete kalamu."

Watu walicheka, lakini Mheshimiwa hakucheka, maana mwandishi mmoja alikuwa ameshaanza kuandika. "Wazo zuri sana!" akasema. Akanyakua fomu ya Jentrix mkononi mwa Mkurugenzi, akampa mzee kalamu, akaigeuza fomu atafute pa kusaini.

Nyuma ya fomu ile mwanafunzi huorodhesha kila nguo aliyoishika na mwenyewe ni nani. Mkurugenzi hakuwa amegeuza. Wakubwa huwa hawageuzi.

"Hajulikani," Mheshimiwa alisoma. "Hajulikani. Hajulikani. Arobaini na moja? Wote hawa wamekufa?"

Mzee Ndungu alikuwa anazungusha macho ukumbini, sanamu moja baada ya nyingine, kama mtu aliyeingia harusini akakuta majirani.

"Hii ya shanga ni ya Wamucii," alisema. "Anauza sukuma wiki pale Kabiro, nyuma ya posho mill, pale wanaposaga unga. Nimwite?"

Kamera zote mbili zikageuka kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi aliitazama kalamu ya mzee. Akaitazama fomu, nguo arobaini na moja za watu walio hai, ushahidi wote kwenye karatasi moja. Akautazama mlango uliokuwa wazi.

Kisha mtu mzima yule, mwenye ofisi, mwenye tai na dereva, alimpokonya Waziri Mdogo fomu ya Jentrix, akaikunja, akaitia kifuani ndani ya shati, na akakimbia.